Uchambuzi: Umeme ukikatika ghafla, diski ya seva inaokoa nini?

Tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 2025, kampuni ya Marekani Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, jina ambalo mafundi wengi wa kompyuta wanalijua kwa sababu ya diski na memori zake za bei nafuu. Sababu iliyotolewa ni moja: vituo vikubwa vya data vinavyoendesha akili bandia vinataka memori nyingi sana, na kampuni imeamua kuwahudumia wateja hao wakubwa kwanza. Tangu wakati huo kununua diski ya SSD kumekuwa jambo la kuhesabu mara mbili, hata kwa mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka Dubai au Guangzhou.

Habari hiyo inaonekana kama ya mbali. Lakini inagusa moja kwa moja hospitali ya Beni inayoweka kadi za wagonjwa kwenye kompyuta, chuo cha Bukavu chenye pointi za wanafunzi, koperative ya akiba na mikopo ya Butembo, na ofisi ya viwanja ya Lubumbashi. Bei ikipanda, mkubwa wa ofisi anamwambia fundi: tafuta ya bei ya chini. Na fundi anakwenda dukani, anachukua diski iliyotengenezwa kwa kompyuta ya kubeba mkononi, anaiingiza ndani ya seva. Mashini inawaka. Kila mtu anafurahi. Hasara inakuja baadaye, siku ya delestaji.

Ndiyo sababu, kwa inchi yetu, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji haliko kwenye mwendo wa diski wala kwenye idadi ya gigabaiti. Ni hili: umeme ukikatika sasa hivi, diski hii inafanya nini na data ambazo haijamaliza kuandika?

Sekunde ya mwisho

Diski ya SSD haina sahani inayozunguka kama diski za zamani. Data zinakaa ndani ya chipu. Kuandika kwenye chipu hizo kunachukua muda, basi diski inapokea data kwanza kwenye memori ndogo ya haraka, inazipanga, kisha inazihamisha. Kuna pia ramani, yaani orodha inayoonyesha kila kipande cha data kimewekwa wapi, na sehemu ya ramani hiyo inabadilishwa kwanza kwenye memori ya haraka. Memori ya haraka ikikosa umeme, inasahau yote.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza ni kwamba maandiko ya mwisho yanapotea. La pili ni baya zaidi: ramani inaharibika, na hata data za mwaka uliopita, ambazo hakuna aliyezigusa siku hiyo, hazionekani tena. Kompyuta ya kubeba mkononi haiogopi sana jambo hilo, kwa sababu ina batri yake. Seva haina.

Hii si hofu ya mafundi. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wa maabara ya HP, huko Marekani, walichukua diski za SSD 15 za watengenezaji 5 wakazikatia umeme makusudi, tena na tena, wakati zikiandika. Diski 13 kati ya hizo 15 zilionyesha kasoro: data zilizopotoka, maandiko yaliyokatika nusu, maandiko yaliyopoteza mpangilio wake, hata diski iliyokufa kabisa. Vifaa vimeendelea tangu wakati huo, lakini kanuni haikubadilika: memori isiyokuwa na umeme haikumbuki kitu.

Tufikirie koperative ya akiba. Mwanachama analeta dola 50. Karani anabonyeza, seva inajibu kwamba imeandika, risiti inatoka. Dakika hiyohiyo umeme unakwenda. Jenereta ikiwashwa, daftari la kompyuta halina alama ya zile dola 50. Mwanachama ana risiti mkononi, mashini inasema hajaleta kitu. Nani atalipa? Katika miji ambamo benki zilifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025 na watu wakakaa miezi mingi bila kufikia akiba yao, koperative inayopoteza maandiko namna hiyo mara mbili tu haitapata tena mtu wa kuiamini.

Kidude kinachotoka katika udongo wetu

Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya seva zina dawa ya tatizo hilo. Ndani yake kuna safu ya kondensateri, vidude vidogo vinavyoshika umeme kidogo. Umeme wa nje ukikatika, kondensateri hizo zinaipa diski sehemu ndogo ya sekunde. Kwa macho yetu ni kama hakuna kitu. Kwa diski ni muda wa kutosha kumaliza kuandika yaliyobaki na kuweka ramani mahali salama. Kwenye fishi ya ufundi, ulinzi huo unaandikwa kwa herufi PLP. Herufi hizo tatu ndizo za kutafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Programu za hesabu na za hospitali zinatumia hifadhidata kama PostgreSQL au MySQL. Kila mara programu hizo zinaiuliza diski: umeandika kweli, ndiyo au hapana? Diski isiyo na kondensateri, kama inajibu kwa uaminifu, inapaswa kungoja mpaka chipu zimalize. Ile yenye kondensateri inaweza kujibu ndiyo palepale, kwa sababu hata umeme ukienda itamaliza. Kwa hiyo kwa kazi ya hifadhidata, diski ya seva mara nyingi inapita kwa mbali ile ya kompyuta ya kawaida, hata kama sanduku la hii ya pili linatangaza mwendo mkubwa zaidi.

Na kondensateri hizo zinatengenezwa kwa nini? Nyingine kwa alumini, nyingine kwa tantali, kwa sababu tantali inashika umeme mwingi katika nafasi ndogo na haichoki upesi kwenye joto. Tantali inatoka katika koltani. Machimbo ya Rubaya, wilaya ya Masisi, yanahesabiwa kuwa yanatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Tangu mwisho wa mwezi wa 4 mwaka 2024 yako mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka huo kwamba kundi hilo linapata karibu dola 800.000 kila mwezi kwa kodi za madini hayo.

Basi mzunguko ni huu: jiwe linachimbwa kwa mikono Masisi, linavuka mipaka, linakuwa kidude kisichozidi punje ya mchele, kidude kinalinda data za benki za Ulaya na Asia dhidi ya umeme kukatika, mahali ambapo umeme unakatika mara chache. Na seva ya hospitali ya Kivu, ambako umeme unakatika kila juma, inapewa diski isiyokuwa nacho kwa sababu ni ya bei nafuu. Bei ya koltani na vita vyake ni jambo la wakubwa. Lakini uchaguzi wa diski uko mikononi mwa mkubwa wa ofisi na fundi wake.

“Sisi tuna onduleri”

Jibu la kawaida ni hilo: tuna onduleri, tuna batri za jua, tuna jenereta. Ni vizuri, na hakuna diski inayochukua nafasi yake. Lakini kila fundi anajua namna mambo yanavyokwenda. Batri ya onduleri inazeeka kimya, na siku ya kuihitaji inashika dakika moja tu. Mazuti yanaisha usiku. Mtu wa usafi anachomoa waya. Alimentasyo ya seva yenyewe inaungua, na hapo onduleri haisaidii kitu, kwa sababu umeme unakatika ndani ya mashini.

Goma ilikuwa na watu kadhaa wa kuleta umeme: SNEL, Virunga Energies, SOCODEE, Nuru. Pamoja na hayo, vita vilipofika mjini mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, umeme, maji na intaneti vilikatika kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo hakuna onduleri inayofika mwisho. Onduleri inakupa muda wa kuzima seva kwa utaratibu, kondensateri inashika sekunde ambayo onduleri imeshindwa. Zote mbili zinahitajika.

Ni kiasi gani cha kuandika?

Baada ya PLP, jambo la pili ni uvumilivu. Chipu za SSD zinachoka kwa kuandikwa. Mtengenezaji anatoa kipimo kwa njia mbili: herufi TBW, yaani terabaiti ngapi zinaweza kuandikwa kabla garanti haijaisha, au herufi DWPD, yaani diski nzima inaweza kujazwa mara ngapi kwa siku katika miaka ya garanti.

Tuchukue mifano miwili ya mtengenezaji mmoja, Kingston, yenye ukubwa uleule wa gigabaiti 480. A400, diski ya kompyuta ya kawaida, ina TBW 160, na haina PLP. DC600M, diski ya seva, ina PLP na DWPD 1 kwa miaka 5. Hesabu ni rahisi: gigabaiti 480 mara siku 1.825 ni terabaiti 876. Ni zaidi ya mara tano.

Je, ofisi yako inahitaji kiasi hicho? Pima kwanza. Koperative inayoandika gigabaiti 20 kwa siku itafika terabaiti 36 na nusu katika miaka 5. Kwa uvumilivu peke yake, hata ile ya TBW 160 ingetosha. Kinachokosekana ni PLP. Lakini mara nyingi seva ileile inapewa pia kazi ya kurekodi kamera za ulinzi. Kamera 16, kila moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde, zinaandika karibu gigabaiti 690 kwa siku. Hapo diski ya TBW 160 inamaliza uwezo wake katika siku 230 hivi, na ile ya TBW 876 katika miaka mitatu na nusu. Kwa picha za kamera, nunua diski ya kawaida inayozunguka, na uache SSD kwa hifadhidata.

Kwa upande mwingine, usikubali kuuziwa uvumilivu ambao hutautumia. Kuna diski za DWPD 3 na zaidi, na bei yake inapanda pamoja na namba hiyo. Ofisi nyingi za kwetu zinatosheka na DWPD 1. Makuta yanayobaki yanunue diski ya pili.

Ni hivyohivyo kwa mwendo. Diski za NVMe zinakimbia mara nyingi kuliko za SATA, lakini seva nyingi zinazofika kwetu zimekwisha kutumiwa kwingine, na nyingi zina nafasi za SATA au SAS tu. Fungua seva, soma aina ya nafasi, kisha nenda dukani. Kwa hospitali yenye kompyuta 30 zinazopita kwenye waya mmoja wa mtandao, diski ya SATA ya seva yenye PLP inafaa kuliko NVMe ya kompyuta ya kucheza michezo. Na ukinunua NVMe, soma fishi kwa makini, kwa sababu diski ndogo zenye umbo la ubao mwembamba mara nyingi hazina nafasi ya kondensateri, hata zikiuzwa kwa jina zuri.

Saa 32.768

Mwezi wa 11 mwaka 2019, kampuni ya HPE iliwaonya wateja wake: baadhi ya diski zake za SSD za SAS zilikuwa na kosa katika programu ya ndani, na zingekufa zikifika saa 32.768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Baada ya hapo, si diski wala data zingeweza kurudishwa. Mwezi wa 3 mwaka 2020 onyo la pili likatoka, mara hii kwa saa 40.000. Dawa ilikuwa ndogo na ya bure: kuweka programu mpya ya ndani kabla ya saa hiyo kufika.

Funzo ni kubwa kwa yule anayefikiri kwamba diski mbili zilizofungwa pamoja kwa RAID zinatosha. Diski mbili zilizonunuliwa siku moja, zikawashwa saa moja, zinafika kwenye kosa hilo dakika moja. RAID inalinda dhidi ya diski moja kufa. Haina jibu zikifa zote pamoja.

Kwa hiyo, diski ikifika, fundi afanye mambo matatu kabla ya kuiweka kazini. Asome saa ilizokwisha kuwaka na kiasi kilichokwisha kuandikwa. Programu ya bure ya smartctl inaonyesha vyote viwili kwa diski nyingi. Diski inayouzwa kama mpya ikionyesha saa elfu kadhaa, irudishwe. Pili, aweke programu mpya ya ndani kutoka kwa mtengenezaji. Tatu, ikiwezekana, diski za RAID zisitoke zote katika sanduku moja.

Diski ya mitumba si dhambi. Diski ya seva iliyotumika, yenye PLP na yenye uvumilivu mwingi uliobaki, inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei nafuu. Lakini inunuliwe kwa namba zilizosomwa kwenye mashini, si kwa maneno ya muuzaji.

Ofisi ikifungwa miezi mingi

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi. SSD iliyozimwa haishiki data milele. Kanuni za JEDEC, shirika linaloweka vipimo vya vifaa hivyo, zinasema kwamba diski ya seva iliyomaliza uwezo wake wote wa kuandikwa inapaswa kushika data miezi 3 bila umeme kwenye joto la nyuzi 40. Ile ya kompyuta ya kawaida inapaswa kushika mwaka 1 kwenye nyuzi 30. Diski ambayo bado mpya inashika muda mrefu zaidi, na joto likipungua ni afadhali. Lakini kwa diski iliyochoka, hiyo miezi mitatu ndiyo mpaka.

Kwa mtu wa Paris hilo ni jambo la vitabuni. Kwa mtu wa mashariki mwa Kongo ni maisha. Ofisi ngapi zimefungwa mwaka 2025 wafanyakazi wakakimbia, seva ikabaki gizani kwenye chumba chenye kufuli? Shirika lililotegemea SSD ya zamani kama kumbukumbu yake ya pekee limejiweka hatarini bila kujua. Nakala ya akiba iwe kwenye diski inayozunguka au kwenye utepe, na iwe mahali pengine.

Mahali pengine maana yake ni mji mwingine, si chumba cha pili. Tarehe 26 mwezi wa 9 mwaka 2025, moto wa batri uliwaka katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini. Terabaiti 858 za hati za wafanyakazi wa serikali zilipotea, kwa sababu hazikuwa na nakala nje ya kituo. Inchi hiyo inatengeneza sehemu kubwa ya chipu za SSD za dunia. Ikiwa Korea Kusini imelia, sisi tulio na volkeno ya Nyiragongo mgongoni tusingoje kulia.

Kuandika kabla ya kununua

Tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, Kongo ina Sheria ya mambo ya dijitali, na ndani yake kuna sehemu juu ya ulinzi wa data za watu. Mara nyingi tunaposikia ulinzi tunafikiria wezi wa mtandao. Lakini kadi ya mgonjwa iliyofutika kwa delestaji imepotea sawasawa na ile iliyoibiwa, na mgonjwa ndiye anayepoteza.

Wafadhili na wakubwa wa ofisi wana nguvu moja: wao ndio wanaoandika masharti ya zabuni. Leo masharti mengi yanasema tu “seva moja, SSD ya terabaiti 1”. Kwa maneno hayo, muuzaji mwenye diski mbaya ndiye anayeshinda, kwa sababu bei yake iko chini. Yaongezwe maneno manne: diski iwe na PLP, iwe na DWPD 1 kwa miaka 5 au TBW inayolingana na kazi iliyopimwa, saa zake za kuwaka zisomwe mbele ya mnunuzi siku ya kuipokea, na bei ya nakala ya akiba katika mji mwingine iwe ndani ya bajeti ileile.

Kama fedha hazitoshi kwa vyote, bora kununua diski ndogo yenye ulinzi kuliko kubwa isiyokuwa nao. Hospitali nyingi hazihitaji terabaiti nne. Zinahitaji jina la mgonjwa, dawa aliyopewa na tarehe, zikiwa palepale zilipoandikwa, baada ya taa kuzimika na kuwaka tena.